Kurasa Tisa Nilizomkabidhi Karani

Nakumbuka Jumamosi moja mwezi huu, nilimwambia mama mkubwa kwamba nikimaliza kidato cha nne nataka kusoma uhasibu. Tulikuwa jikoni kwake hapa Kasulu, tunachambua maharage. Yeye ni mhasibu, ameifanya kazi hiyo tangu mimi sijazaliwa. Akaniuliza kwa nini uhasibu. Nikasema ukweli: kwa sababu mhasibu haongei na watu, anakaa na karatasi zake. Mimi darasani nikiulizwa swali, hata jibu nikiwa nalo, nakausha tu na kutazama dawati.

Mama mkubwa alicheka mpaka ungo ukamponyoka mapajani. Jumatatu yake alikuwa anasafiri kwenda Dodoma na wahasibu wenzake kuonana na wabunge, na nilikuwa nimeshamuuliza mara mbili mhasibu anahangaika na wabunge kwa lipi. Mara zote mbili alinipotezea. Siku hiyo alinijibu. Nimeyaandika kama alivyoyasema, kwa hiyo kuanzia hapa anayesema "mimi" ni yeye.

Mwanangu, nimecheka kwa sababu hayo maneno ni yangu. Niliyasema Kibondo nikiwa na miaka ishirini na minne, na niliamini kabisa kwamba ni busara. Tena nilikuwa na methali zangu za kujikinga. Mtu akiniambia mbona huongei, namjibu simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Akinisukuma zaidi, namwambia heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali nzuri hizo, sizitukani. Ila methali ni kama jembe, ukilishika vibaya linakukata mguu wako mwenyewe.

Nilikuwa mhasibu msaidizi kwenye shirika moja lililogawa pembejeo kwa wakulima. Jina lake tuliache, lilishakufa. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Bukuru, mtu wa Munanila, mrefu, mwenye sweta moja la kijivu ambalo alilivaa mvua na jua. Chuoni nilisoma vitabu, lakini kazi nilifundishwa na yule mzee. Alikuwa na amri moja: usisaini usichokiona kwa macho yako. Karatasi ikisema magunia, nenda kayaguse magunia. Basi tulikuwa tunakwenda ghalani, viatu vimejaa udongo mwekundu, na madereva wanatucheka.

"Wahasibu gani nyie, mnanusa magunia kama paka?"

"Paka ndiye anayejua panya wako wangapi," Mzee anawajibu, wala hageuki.

Sasa mwaka mmoja, mvua za kupandia zikiwa zinakaribia, meneja alimletea hati asaini kwamba mbegu za mahindi zimepokelewa. Mzee akavaa sweta lake akaenda ghalani, mimi nyuma yake. Mle ndani palikuwa na maturubai na harufu ya panya. Mbegu, hata punje. Tukarudi. Akaiweka ile hati mezani kwa meneja, akasema, "Zikifika nitasaini." Meneja akasema lori liko njiani. Mzee akasema, "Basi hata kalamu yangu iko njiani." Ofisi nzima ilicheka, isipokuwa meneja.

Haikupita muda tukasikia kuna kanuni mpya inaandaliwa. Mhasibu akikataa kusaini, meneja anaweza kumwondoa siku hiyo hiyo na kumweka mwingine. Nikuambie haki, mwanangu, nia yake haikuwa mbaya yote. Walikuwepo wenzetu waliokataa kusaini mpaka wapakwe mafuta mkononi, na huku mkulima anasubiri. Lakini kanuni ile haikumtofautisha mla rushwa na mtu mwaminifu. Chama chetu cha wahasibu kikaomba sentensi moja tu iongezwe, kwamba anayekataa kusaini asikilizwe kwanza kabla hajaondolewa. Sentensi moja! Na waheshimiwa wabunge walikuwa wanakuja Kibondo kukusanya maoni ya watu.

Wahasibu wa wilaya tukakutana, hata ishirini hatukufika, tukatafuta mtu wa kusimama mbele yao. Wote tukamtazama Mzee Bukuru. Akatikisa kichwa.

"Kinyozi hajinyoi. Jambo hili linanigusa mimi. Mhasibu hajikagui mwenyewe, na mimi sitajitetea mwenyewe. Atasema huyu." Akanionyesha mimi.

Na kila mtu mle chumbani alijua. Kanuni ikipita kama ilivyo, wa kwanza kutoka ni yeye, na alikuwa na watoto watatu shuleni.

Nilikubali kwa kichwa. Kisha nikaandika. Mwezi mzima niliandika. Kurasa tisa, mwanangu, zimepigwa chapa, pambizo zimenyooka, viambatisho vina namba. Kila hoja ina jibu lake na kila jibu lina mfano. Moyoni nikasema, wakizisoma hizi, hakuna haja ya mtu kufungua kinywa.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wakulima, walimu na manesi waliotoka mikoa mingine, wafanyabiashara wa maharage. Niliwahi. Nikamkabidhi karani kurasa zangu mlangoni, na kwa mazoea ya kazi nikamtaka asaini kwenye daftari langu kwamba amezipokea. Akasaini huku akinishangaa. Nikaketi nikiwa mwepesi kabisa, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Akasimama mfanyabiashara mmoja mnene, sauti kama ngoma. "Waheshimiwa, mvua haina mhasibu! Ikinyesha imenyesha. Hawa watu wa kalamu wakigoma kusaini, sisi tupande nini? Tupande hizo kalamu zao?" Watu wakapiga makofi na vigelegele. Hata mimi, nisikufiche, kidogo nicheke.

Mwenyekiti akauliza, "Wahasibu wamo humu?"

Kimya.

"Wana neno?"

Mzee Bukuru alikuwa amekaa safu tatu nyuma yangu. Nilijua hatasimama, alikuwa amesema hatasimama. Nikainama nikatazama viatu vyangu. Nilipoinua jicho kidogo, niliziona kurasa zangu mezani kwa karani, juu yake pamewekwa chupa ya chai.

"Basi wahasibu hawana pingamizi," mwenyekiti akasema. "Tuendelee."

Ikaisha hivyo. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwanangu, changu siku ile hakikuwa na mshindo wowote, kilikuwa kimya tu.

Kanuni ikapita kama ilivyokuwa. Mzee Bukuru aliambiwa akabidhi funguo kabla ya saa sita mchana. Ile hati ikasainiwa na kijana aliyeletwa juzi yake, hata ghala hajui liko upande gani. Kwa hiyo kwenye karatasi, mbegu zilifika. Wakaja akina mama kutoka Mabamba, wametembea na magunia matupu kichwani, wakaambiwa mbegu zilishapokelewa, zikagawiwa, zikaisha, karatasi hii hapa. Wataipinga karatasi na nini? Wakarudi wakapanda mahindi ya kula, yale ya jikoni. Nilipita huko baadaye. Yalikuwa yameota machache machache, kama nywele za mtu aliyetoka kuugua.

Unaniuliza kama nilimwomba msamaha? Nilikaa miezi mitano nikiona aibu. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa naficha. Mwisho nikapanda gari mpaka Kasulu, nikaunga la Buhigwe, nikafika Munanila. Nilimkuta anang'oa tangawizi, sweta liko kwenye kigingi cha uzio. Nikamwamkia kwa lugha ya kwetu.

"Mwakeye, mzee."

"Mwakeye, mwana wanje. Shika hapo, vuta."

Nikavuta tangawizi nikiwa na viatu vyangu vya ofisi. Tulipomaliza tuta zima akauliza, "Zilikuwa kurasa ngapi?"

"Tisa."

"Zilikuwa na kosa?"

"Hapana, mzee. Nilizihakiki mara nne."

"Hapo ndipo ulipokosea. Mwezi mzima ulikuwa unasafisha karatasi ili usisafishe koo."

Aliyasema bila hasira, na ndiyo maana yaliniuma. Akaniambia sisi wahasibu tuna ugonjwa wetu. Kitu kikishaingia kwenye faili, tunadhani kimeshasemwa. Akasema, "Sheria inayotutawala haiandikwi kwenye ofisi yetu. Inaandikwa kule kwenye kelele. Usipokwenda kwenye kelele, wataiandika wenye sauti, nayo itakuja mpaka kwenye meza yako."

Nikaona nijitetee kidogo, ujana huo. "Lakini mzee, na wewe ulikuwepo. Mbona hukusimama kujiokoa?"

Akanitazama kama anayetazama gunia ambalo limepungua uzito. "Ningesimama wangesema natetea ugali wangu, na wangekuwa sahihi. Wewe mtu gani, miaka mitatu umekaa na mimi hujaelewa? Kazi yetu inatukataza kujisemea. Sasa kama mimi siruhusiwi kujisemea, na wewe unanyamaza, nani abaki? Ndiyo maana ya kuwa na wenzako."

Nililala kwake siku hiyo. Mkewe alinipikia ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, wala hakuniuliza lolote, na hilo nalo lilikuwa adhabu.

Baada ya miaka miwili waheshimiwa walirudi, safari hii hapa Kasulu, maana malalamiko ya wakulima yalikuwa yamewafikia. Nikasimama. Mwanangu, usidhani nilisimama kishujaa. Maneno ya kwanza hata hayakusikika, mtu akapiga kelele nyuma, "Paza sauti, dada, hatuko kitandani!" Ukumbi ukaangua kicheko. Nadhani kile kicheko kiliniokoa, kwa sababu baada ya kuchekwa hakukuwa na kingine cha kuogopa.

Mheshimiwa mmoja mama akanikatiza. "Sema kweli. Si mnatetea matumbo yenu ninyi wahasibu?"

Kwenye kurasa tisa nilikuwa na jibu zuri la swali hilo, lenye vifungu vitatu. Nikaliacha. Nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa. Matumbo yetu yamo. Nikiondolewa kazini leo, wanangu hawatakula kanuni. Lakini nenda Mabamba ukaulize tumbo la nani lililala njaa siku mhasibu alipoondolewa kwa kusema ghala ni tupu." Nikawaeleza habari za wale akina mama na magunia yao. Yule mheshimiwa akavua miwani, akaandika.

Ile sentensi ikaongezwa. Lakini kanuni hairudi nyuma. Mzee Bukuru hakurudishwa kazini, na mtoto wake wa pili alikuwa ameshaacha shule anaendesha pikipiki. Nilikwenda mwenyewe Munanila kumpa habari. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ego," yaani ndiyo, basi, akaendelea kufunga mzigo wake wa kupeleka sokoni. Mimi niliomba anipe neno zaidi ya hilo. Hakunipa. Nimezeeka sasa, ndio naona kwamba hakuwa na deni la kunipa.

Kwa hiyo unapouliza kwa nini nakwenda Dodoma, jibu ndilo hilo. Kuna wahasibu vijana wanafanya kazi na vikundi vidogo vya wakulima, na kanuni ile haiwataji. Mmoja yuko Kakonko, binti, ameshakataa kusaini mara mbili. Yeye hawezi kujisemea. Nitamsemea mimi, na mwenzangu wa Tabora atamsemea wa kwake. Watu wakituona tunaongea na wabunge wanasema wahasibu wameingia siasa. Waseme. Sivai fulana ya chama chochote niendapo, na siombi kitu ambacho nitaona haya mkulima wa Mabamba akinisikia nakiomba. Ukivuka hapo, mwanangu, ujue umeacha kutetea kazi, umeanza kutetea kiti. Wapo wenzetu waliovuka, nawajua kwa majina.

Usome uhasibu, nimefurahi. Lakini usiuchague kama pango la kujifichia. Aibu yako siikemei, hata leo nami ninayo. Mtu mwenye haya si mtu mbovu, mara nyingi ndiye anayetazama vizuri kuliko waongeaji. Ila ukishatazama, sema. Andika kwanza ukipenda, uandike vizuri, kisha uibebe karatasi yako uisome kwa mdomo wako mwenyewe mbele ya watu, hata ukitetemeka. Na ukiona mwenzako wa kazi amebanwa na heshima ya kazi yake yenyewe hawezi kusema, usisubiri akuombe. Mkono mmoja haulei mwana.

Haya, Mungu akuzidishie miaka na akili. Akupe wenzako wa kukusemea siku ambayo wewe hutaruhusiwa kujisemea, na siku yao ikifika akupe sauti. Jina lako liitwe kwa wema popote utakapofanya kazi, hapa kwetu na huko mbali. Imana ikurinde, Mungu akulinde, mwanangu.