Sema Paa, Mzee

Kama umekuja kusikia hadithi ya kutungwa, tafuta mtu mwingine. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Garissa, mchana wa jua kali, na sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa.

Ilikuwa baada ya mafuriko ya El Niño. Mbuzi na ng'ombe walikuwa wamekufa ovyo, na sisi madaktari wa mifugo tulichukiwa kana kwamba ugonjwa tuliuleta sisi kwa gari. Mimi walikuwa wakiniita mtu wa Kenya, maana yake mgeni kutoka bara, na kusema kweli mimi nami sikuwapenda. Nilikuwa nangoja uhamisho tu.

Siku hiyo akaingia ofisini mzee mmoja, ndevu nyekundu kwa hina, anajikokota kwa bakora.

"Daktari, wallahi nina baa nyumbani," akasema. "Imezeeka. Magoti imefura, kutembea ni taabu."

Nikacheka. Wengi kule hutamka p kama b, nami nilikuwa na tabia ya kuwasahihisha. "Sema paa, mzee. Paa."

Akanikazia macho. "Mimi nasema baa."

Halima, karani wetu, mzaliwa wa pale pale, akaacha kupiga chapa. "Usiende, daktari," akaninong'oneza. "Huyu mzee simjui, na watu wa hapa nawajua wote." Nikaona ananiletea ushirikina. Nikabeba mkoba wangu nikamfuata mzee.

Boma lake lilikuwa peke yake vichakani, ng'ambo ya soko la mifugo. Ndani ya ua wa miiba, kweli, alikuwa amefungwa paa jike, amezeeka hata meno yamelika. Magoti yalikuwa yamevimba na yana moto ukiyagusa. Kwato zilikuwa ndefu, zimepinda kwa kukosa kutembea. Tena juu ya viungo kulikuwa na makovu ya chuma cha moto, ile dawa ya ngamia anayechechemea. Kiumbe mdogo kama yule umchome chuma! Hasira zilinipanda. Nikampunguza kwato, nikamdunga sindano ya kutuliza uvimbe na maumivu, huku nikimfokea mzee kwamba mnyama wa umri ule anataka pakavu pa kulala na nafasi ya kujinyoosha. Nikamwambia pia kwamba kufuga mnyama wa porini ni kosa, na kwamba nitamwondoa hapo.

"Basi unachukua baa yangu?" akauliza.

Ungekuwa wewe ungeelewa nini? Angesema "baa langu" ningeshtuka, maana hilo ni balaa. Lakini kule "yangu" hubeba kila kitu, mbuzi, nyumba na hata mke.

"Nachukua," nikasema kwa ukali. "Leo hii."

"Kwa roho yako mwenyewe?"

"Mzee, nimesema nimechukua!"

Niamini au usiniamini. Paa alisimama, miguu imenyooka kama ya paa mchanga, akaruka ua wa miiba akatokomea. Mzee akaitupa bakora, na mgongo wake ukanyooka mbele ya macho yangu. Nikataka kuinuka, nikashindwa. Magoti yangu yalikuwa yanawaka, yamefura hata suruali imenibana. Nililia kwa woga, sioni haya kusema.

Mzee akaniinamia sikioni. "Pole sana, daktari," akasema. "Paa amepona."

Kila p ilitoka safi kuliko yangu.

Halima ndiye aliyekuja kunitafuta na mkokoteni wa punda. Alinikuta nimekaa mchangani, na anaapa hadi leo kwamba hapakuwa na boma wala ua. Hospitali walinipiga picha, wakasema mifupa ni mizima. Uhamisho niliupata, maana daktari wa mifugo asiyeweza kuchuchumaa kando ya ng'ombe ana kazi gani? Tangu hapo sijapanda ngazi bila kushikwa mkono, na wanangu hawajawahi kuniona nikikimbia. Namchukia mzee yule kwa moyo wangu wote.

Kwa hiyo mtu usiyemjua akikuuliza kama unachukua kitu chake, usione haya kumwuliza mara kumi ni kitu gani. Baa kama lile haliponi, linahama tu.

Nawe unayecheka hapo, miguu yako mizuri kweli. Karibu kwangu siku moja, nina kitu kidogo nataka unichukulie.