Wimbo wa Mfumaji Katika Redio ya Sampo

Nilikuwa nimeingia duka moja la vifaa vya umeme pale mtaa wa Dengfeng, Guangzhou, kununua waya wa kuchajia simu. Kwenye kaunta walikuwepo kina mama wawili wafanyabiashara kutoka Kenya, wakijaribu redio ndogo nyekundu ya plastiki, ya aina ile yenye tochi, paneli ya sola na tundu la memori kadi. Mmoja alibonyeza kitufe, tochi ikawaka. Akabonyeza kingine, mwanamume akaanza kuzungumza Kiswahili.

"Skiza huyu," akamwambia mwenzake. "Anaongea kama pasta kwa matanga."

"Lakini Kiswahili yake imepigwa pasi."

"Ya Tanzania hiyo. Wazee watapenda." Akamgeukia mwenye duka. "Laoban, bei ya mwisho ngapi?"

Mwanamume wa ndani ya redio alikuwa anaeleza kwamba katika miaka ya njaa kampuni za santuri za Marekani zilimlipa mwimbaji mara moja tu kwa kila upande wa santuri, na baada ya hapo hakuwa na la kudai, hata wimbo wake uuzwe namna gani. Kisha akakohoa, akaomba radhi, akaendelea. Kikohozi kile kilikuwa changu. Maneno pia yalikuwa yangu.

"Na wewe umeipenda?" yule mama aliniuliza, kwa sababu nilikuwa nimewakodolea macho.

"Nimeshaisikia," nilijibu, nikalipia waya wangu.

Ni lazima nieleze maneno yale yalitoka wapi. Kazi yangu ni kusimamia upakiaji wa makontena katika ghala la wakala wa mizigo. Shule niliishia darasa la saba; mengine yote nimejifundisha. Nilipofika Guangzhou, barabarani zilikuwa bado zinauzwa CD za Marekani zilizoingizwa nchini kama takataka za plastiki. Kabla ya kusafirishwa zilikatwa pembeni kwa msumeno ili zisiuzike tena. Lakini CD husomwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo pengo lile huharibu nyimbo za mwisho tu. Nilinunua kasha moja la nyimbo za kantri za zamani, si kwa ajili ya nyimbo, bali kwa ajili ya kijitabu kinene cha maelezo kilichokuwa ndani yake. Nilitaka kitu cha kujifunzia Kiingereza. Nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, na ili nielewe kinachosemwa ikabidi nisikilize.

Nyimbo zenyewe zilirekodiwa kusini mwa Marekani, katika milima na miji ya viwanda vya nguo, kabla ya ule mdororo mkubwa wa uchumi na ukiwa umepamba moto. Mafundi walikuja na mashine zao kwa treni, wakapanga chumba cha hoteli au ghala tupu, wakatundika mablanketi ukutani kuua mwangwi. Waimbaji walijileta wenyewe: wafumaji, wachimba makaa ya mawe, wapiga fidla wa harusini. Sindano ilichora sauti kwenye bamba la nta, na kwa kuwa bamba lilikuwa ghali, mtu akikohoa au akikosea ubeti mara nyingi paliachwa hivyo hivyo. Uchumi ulipoanguka, santuri zikakosa wanunuzi. Kampuni zikaanzisha chapa za bei rahisi, zikatoa rekodi ile ile kwa jina jingine, na pengine kwa jina la tatu, mwimbaji mwenyewe akiwa amesharudi kwenye mtambo wake wa kufuma bila habari yoyote. Kuna sauti ninayoijua kwa majina matatu. Huwezi kuichanganya na nyingine: pumzi ni ile ile, na kosa ni lile lile kwenye ubeti wa pili.

Miaka ile ya korona mipaka ilipofungwa, na hata baada ya kufunguliwa, biashara yetu sisi Waafrika wa Xiaobei, jirani na Dengfeng, ilikonda. Katika jengo la Tianxiu ofisi nyingi zilikaa na makufuli. Wateja wa nyumbani walikuwa wamejifunza kuagiza kwa simu moja kwa moja kiwandani. Tuliobaki tulikuwa na muda mwingi kuliko kazi. Rafiki yangu ndiye aliyefungua kundi la simu la Watanzania tuliobaki. Tumekulia mtaa mmoja Morogoro. Ndiye aliyenipokea nilipofika, na nililala kwake mpaka nilipopata kazi.

"Mwanangu, wewe una hotuba kila ukikaa," aliniambia. "Zitoe humu basi, tusikie wote."

Basi kila Jumapili alasiri nilirekodi maelezo ya wimbo mmoja, nikayatuma pamoja na wimbo wenyewe. Niliandika kwanza, kisha nikasoma. Nikikohoa niliacha hivyo hivyo, kwa heshima ya wale wa kwenye nta. Kundi lilinitania. "Leo ni mkulima gani amefiwa na punda?" waliuliza kabla sijatuma. Wengine hawakujibu kitu. Rafiki yangu hakukosa hata Jumapili moja: "Nimesikiliza hadi mwisho, kaka. Hii kubwa."

Jumapili moja nilichagua wimbo wa mfumaji. Mwimbaji wake hajulikani hasa ni nani. Kwenye chapa mbili ana majina mawili. Anaimba juu ya mtu aliyesimamishwa kazi katika kiwanda cha nguo, ambaye bado anaondoka nyumbani kila alfajiri na chakula chake ili mkewe asijue. Nilisoma maelezo niliyoyaandika, kisha nikaongeza jambo ambalo sikuwa nimeliandika. Nilisema kwamba mfumaji huyo mimi ninamjua, kwa kuwa ni baba yangu. Kiwanda cha nguo cha Morogoro kilipopunguza watu aliendelea kuvaa ovaroli, kubeba chakula alichofungiwa na mama, na kutoka king'ora kikilia. Siku moja nilitumwa stesheni kufuatilia gunia la mahindi, nikamwona amekaa nyuma ya ghala la reli, ovaroli imekunjwa vizuri mapajani, anakula peke yake. Hakuniona. Jioni alirudi nyumbani akamlalamikia mama juu ya ukorofi wa msimamizi wa zamu. Sikumwambia mtu. Mama alifariki akiamini kwamba mumewe aliacha kiwanda kwa hiari yake.

Nililisema lile kwa sababu wimbo ulikuwa umenionyesha kwamba baba hakuwa peke yake duniani. Niliowaambia walikuwa watu wasiomjua, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja aliniandikia: "Nimesikiliza hadi mwisho, kaka. Hii kubwa." Hakuniuliza chochote, siku ile wala baadaye, na moyoni nilimshukuru kwa ustaarabu huo. Baba yangu ni mzee sasa, anaishi Morogoro, na kutwa nzima yuko kibarazani na redio.

Kutoka Dengfeng nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa rafiki yangu, ghorofani Tianxiu, kwani katika kundi lile ni yeye tu aliyekuwa anasafirisha redio. Alikuwa anakula wali na samaki, sahani ikiwa juu ya boksi la redio.

"Umeniweka kwenye redio," nilimwambia.

Alicheka. "Ushaisikia? Nilitaka iwe sapraizi! Kaa basi, ule."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Kiwanda kilitaka kitu cha kujazia memori, ili mteja akibonyeza asikie sauti safi. Sasa nikiweka nyimbo za wasanii wa nyumbani, zile zina wenyewe, wananishtaki. Zako si zetu, kaka?"

"Umeweka zote?"

"Folda nzima. Ila jina lako halimo, usiwe na wasiwasi. Kwenye boksi nimekubatiza Mwalimu Santuri. Linavutia, au siyo?"

"Na ya mfumaji imo?"

"Ipi hiyo?"

Nilidhani ananitania, nikamtazama usoni. Alikuwa anasubiri kweli jibu langu, kijiko kikiwa mkononi.

"Ya mfumaji. Ya kiwanda cha nguo."

"Kaka, si wote mle ndani wamefilisika? Nitawajuaje mmoja mmoja?"

"Uliniandikia kwamba umesikiliza hadi mwisho."

"Mwanangu, unaongea dakika ishirini! Nani ana dakika ishirini? Nilikuwa nakutia moyo. Ulikuwa umekonda wakati ule, tulikuwa tunakuogopea."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya mtu aliyeibiwa sauti yake. Hasira hiyo niliijua, na nilikuwa nimeiandalia maneno njiani. Lakini hili la pili sikuwa nimeliandalia chochote. Ustaarabu wote niliomshukuru kwao haukuwahi kuwepo. Nilikuwa nimemwamini kwa kunyamaza juu ya jambo ambalo hakulisikia.

"Zitoe," nilisema.

"Kontena lishafungwa, liko bandarini. Wewe ndiye mtu wa makontena, unajua. Halafu usiniangalie hivyo. Redio ya kwanza kabisa, ile ya sampo niliyopewa na kiwanda, nimempelekea mzee wako. Imekwenda kwenye begi la yule dada aliyesafiri wiki iliyopita. Wa kwanza Tanzania nzima! Hata kabla ya maduka. Hapo si ungenishukuru?"

Nilitoa simu, nikatafuta ile sauti kwenye kundi, nikaiweka mezani, nikaibonyeza. Mwanzoni alisikiliza huku anatafuna. Ilipofika kwenye ghala la reli aliacha kutafuna.

"Mzee?" alisema mwishowe. "Mzee wetu?"

"Huyo huyo."

"Lakini kaka, kama ilikuwa siri, uliileta kwenye kundi kufanya nini?"

Nilitoka hadi kwenye korido, nikasimama karibu na lifti, nikapiga simu. Nyumbani ilikuwa adhuhuri. Baba alipokea mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Redio imefika."

"Nimeambiwa."

"Inasikika vizuri, haina mikwaruzo. Nilimjua mwenye sauti tangu alipokohoa. Tukaisikiliza, mimi na majirani hapa kibarazani. Wanasema una elimu."

"Baba, ile ya mfumaji..."

"Tumeisikia. Mmoja alitaka kuizima. Nikasema acha amalize, ndiye mwanangu anayeongea."

Lifti ilifunguka, watu wakashuka na mabunda ya nguo, wakanipita.

"Kwa hiyo uliniona," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ovaroli nilikuwa naivua na kuikunja kwa sababu ya vumbi. Vumbi la stesheni ni jekundu. La kiwandani ni jeupe, la pamba. Mama yako alikuwa anafua, angelijua." Alisema hivyo kwa utaratibu, kama anayesahihisha kitu kidogo nilichoeleza nusu. Kisha akauliza, "Umekaa nalo miaka yote hiyo?"

"Nimekaa nalo."

"Na mimi nilikuwa nalo. Ungekuja tu, tukakaa nalo wawili. Hata baada ya mama yako kuondoka."

Niliihamishia simu sikio la pili.

"Ukaanza na watu wengine," alisema baba.

Nilitaka kumwambia kuhusu rafiki yangu, kuhusu folda na kontena, kwamba haya hayakuwa makusudio yangu. Nikayapima maneno hayo, nikaona yanajibu swali ambalo hakuniuliza. Nikamwambia nisamehe, baba. Akasema sawa. Akaniuliza kama huku kuna baridi. Nikasema kidogo.

"Mwambie mwenzako ahsante kwa redio," alisema, akakata simu.

Nilirudi ofisini kuchukua waya niliousahau juu ya meza. Rafiki yangu alikuwa amesimama, sahani ameisukuma pembeni.

"Mzee amesemaje?"

"Amesema ahsante."

Alishusha pumzi, akavuta kiti, akaendelea na samaki wake.