Kopo la Mmea Uliokula Nzi

Nzi aliyenaswa ana mlio wake. Si ule wa kuruka. Ni mwembamba, unakatika, unanyamaza, halafu unaanza tena. Juzi niliusikia dirishani kwangu hapa Biharwe, nikaacha kumenya matoke, nikabaki nimesimama na kisu mkononi. Nililiona tena akilini lile kopo la maziwa la kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Ndani yake mlikuwa na mmea mdogo kuliko kiganja, wenye nywele nyekundu zilizobeba matone mazito kama asali. Mama aliuchimba kwenye kinamasi kando ya ziwa. Kwao Kivu Kusini majani yake yalichemshwa kuwa dawa ya kikohozi. Nzi akitua pale hatoki. Jani lilijikunja juu yake polepole, na mimi na mdogo wangu Neema tulichuchumaa kumsikiliza.

"Yaya, inamukula kweli?" aliniuliza, maana kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Inamukula. Leta kidole."

Akatimua mbio akipiga kelele.

Mama alikuwa na masharti yake: udongo wa kinamasi, jua, maji ya mvua peke yake, na mtu asiulishe. "Hako kanajitafutia," alisema. Alipoanza kukohoa yeye mwenyewe aliyanywa majani yale, wiki baada ya wiki. Kisha gari la wagonjwa likamchukua kutoka Base Camp, penye zahanati ya kambi, kwenda hospitali ya Mbarara, na hakurudi. Baba alikuwa ameshafia Kongo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliacha shule, nikashika jembe, Neema na kopo.

Kiangazi kilipokolea Neema naye akaanza kukohoa. Nilichuma majani na kuchemsha, nikachuma tena, mpaka mmea ukabaki na majani matatu. Ndipo nikafanya kile ambacho tulifanyia maharage yaliyodhoofika: niliutilia samadi ya mbuzi. Mvua haikuwepo, basi nikaumwagilia maji ya bomba, yale yenye harufu ya dawa. Nywele zikageuka nyeusi, matone yakaisha. Siku ya nne nzi alitua juu ya jani, akatembea, akajisafisha miguu, akaruka zake.

Nilikwenda kinamasini kutafuta mwingine. Kingo zilikuwa zimekauka, ng'ombe wamezikanyagakanyaga. Nikarudi kulingoja kopo.

Jirani yetu Mrundi, Mama Odeta, alikuja kusimama mlangoni. "Weye mutoto, unangoja nini? Peleka huyu lopitali."

"Nangoja majani ichipuke, mama."

Alichungulia ndani ya kopo. "Hii imekufa. Unataka na huyu?"

Kwangu hospitali ilikuwa mahali gari linapowapeleka watu wasirudi. Mama Odeta hakubishana nami. Alimfunga Neema mgongoni kwa kitenge, akaanza kutembea kuelekea Base Camp, nami nikamfuata nyuma nikiwa nimekumbatia kopo.

Neema alikunywa dawa miezi mingi, akapona, ingawa daktari alisema pafu moja limeshaharibika. Leo ana nyumba Kamukuzi na watoto wawili. Nikiwatembelea, Neema huwaambia watoto wake, "Mama mukubwa alinipikia majani ya bibi yenu, ndiyo iliniponesha." Watoto hunitazama kwa heshima. Mimi hutazama chai yangu.

Kwa sababu maagizo ya Mama hayakuishia kwenye majani. Siku ile gari lilipomngoja alinishika mkono, akasema, "Neema akikohoa, umupatie majani siku tatu. Isipoacha, mukimbie kwa dokta. Usifanye kama mimi." Nilibaki na majani, nikaitupa ile nusu nyingine, kwa kuwa mmea ulikuwa nyumbani na dokta ndiye aliyebaki na Mama. Wiki tano nzima nililisha kopo nikidhani ninamlea mdogo wangu.

Jumapili iliyopita mtoto mmoja wa Neema aliniuliza kama mmea ule ulikuwa na meno. Neema alicheka sana. Kicheko chake kikaishia kwenye kikohozi chembamba, kikakatika, kikanyamaza, halafu kikaanza tena.