Mabasi Yenye Dira

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kupiga picha za mabasi, huwaambia kwamba macho yamechoka. Uongo mtupu. Macho yangu ni mazima, naweza kusoma namba ya gari kabla halijafika kituoni. Nawaambia hivyo ili waniache, maana jibu la kweli sijampa mtu yeyote, hata padri.

Studio yangu ya kwanza iliungua lava ya volkano iliposhuka mjini Goma. Ilikuwa mtaa wa Birere, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Tuliporudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, tulikokimbilia, nilikuta mtaa mzima umekuwa jiwe jeusi linalofuka moshi, na majirani wawili wamesimama juu yake wakigombania mpaka wa viwanja vyao. Kamera ilipona kwa sababu nilikimbia nayo shingoni. Nikajenga kibanda cha mbao juu ya jiwe lile lile, nikaanza upya, na wateja wangu wa kwanza walikuwa madereva.

Kwetu basi jipya, yaani lililokuja likiwa limekwisha choshwa na watu wengine, halikubeba abiria kabla ya kupigwa picha. Lilipakwa rangi, likaoshwa ziwani, dereva akavaa suti aliyofungia ndoa, wakaja kwangu. Tuliiita picha ya ubatizo. Nakala moja ilitundikwa sebuleni kwa dereva, pembeni ya picha ya harusi, na kwa wengine juu yake. Ya pili ilibaki kwangu kwenye albamu, pamoja na filamu yake ndani ya bahasha ndogo.

Nyuma ya hiyo ya pili niliandika jina la dereva, namba ya gari, mtaa anaokaa na rangi ya mlango wa nyumba yake. Hakuna aliyeniagiza. Barabara ya Rutshuru ilikuwa inaua, na gari likipinduka watu walikuja kwangu kwanza: mama, ni basi la bluu lenye mstari mwekundu, dereva wake anakaa wapi? Mke wake alipelekewa habari na mtu mwenye adabu, akiwa amekaa kwenye kiti, badala ya kuzisikia sokoni. Nilijivunia sana kazi hiyo. Niseme ukweli, niliringa.

Habari ya dira ilianza na mdogo wangu wa kiume. Alikuwa akiendesha kati ya Goma na Rutshuru. Akirudi alipakia kabichi za Kibumba, na mara nyingine samaki wa Vitshumbi walioacha harufu kwenye viti hadi Jumapili. Alipopata basi lake hakutaka simba wala sura ya mchezaji mpira, kama wenzake. Alitaka dira, ile nyota ya ncha nane iliyochorwa kwenye kona ya ramani ya darasani. Yeye aliiita busole, kama walivyofundishwa. Shuleni aliikodolea macho miaka mingi, maana majibu ya maswali ya mwalimu hakuyajua. Mchoraji akaichora kwenye ubavu wa kushoto, kubwa kama sinia, nyekundu na nyeupe.

"Yaya, N iangalie mbele," alimwambia dada yake mkubwa, yaani mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nachora.

"Ukienda kaskazini, Rutshuru, itasema kweli. Ukiwa unarudi je?"

"Kurudi hakuna shida. Njia ya kwetu naijua."

Picha yake ilitoka nzuri ajabu. Nikabandika nakala ya tatu dirishani, na hapo ndipo mtindo ulipoanza. Kila dereva akataka nyota hiyo, wengine wakaongeza manjano, wengine wakaweka picha ya Bikira Maria katikati. Mmoja tu ndiye aliyekuja kwanza kumwomba mdogo wangu ruhusa, mtu mpole wa upande wa Butembo, aliyekuwa akikaa mtaa wa Ndosho. Alikuja na kuku mkononi. Siku ya picha alimleta mkewe, mimba yake kubwa, akamsimamisha karibu na kioo cha gari. Nyuma ya picha yao niliandika: mlango wa kijani.

Kisha waasi wakachukua Rutshuru, wakashuka hadi karibu na Kibumba. Watu walimiminika na magodoro vichwani kwenda Mugunga, kule kule walikoishi kambini walipokimbia mara ya kwanza na mara ya pili. Madereva waliendelea kwenda pale barabara ilipofunguka, kwa sababu watoto hula hata wakati wa vita. Ndipo ukaanza uvumi mjini kwamba mabasi yenye nyota hupita kizuizi cha waasi bila kukaguliwa, kwamba madereva wake ni watu wao. Mdogo wangu alicheka kwa hasira aliposikia. Waasi walimpokonya kabichi kama walivyompokonya kila mtu, tena mmoja wao akamuuliza kama nyota ile ni alama ya serikali.

Alasiri moja wakaja wanaume wawili wenye nguo za kiraia na viatu vya jeshi. Hawakusema wanatoka wapi, na mtu hakuuliza maswali hayo. Mmoja alikuwa na sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Mama, banasema weye njo unajua magari yote. Ile nyota ni ya nani?"

"Muzee, ile si nyota ya mutu," nikamjibu. "Ni busole. Iko kwa ramani ya masomo. Ni ya kupambia tu."

"Iko kwa magari ngapi?"

Hapo ndipo nilipojiona mwenye akili. Nilifikiri kwamba wakiona ni mabasi mengi, ya kila rangi na ya watu wa kila kabila, wataelewa wenyewe kuwa ni urembo, wataona aibu na kwenda zao. Nikawaambia wasubiri, nikaingia nyuma ya pazia kuchukua albamu.

Ilikuwa kwenye rafu. Niliifungua ukurasa wa kwanza, nikaitoa picha ya mdogo wangu na bahasha yake, nikaitia ndani ya blauzi. Kisha nikaifunga albamu, nikaenda kuwapa.

Nimejiuliza swali moja tangu siku hiyo, na sijawahi kulijibu bila kujidanganya. Kama niliamini kweli kwamba albamu ile itawaokoa madereva, kwa nini niliitoa ya ndugu yangu? Mkono wangu haukusita hata kidogo. Picha ya dirishani nilikwisha ibandua wiki iliyotangulia, uvumi ulipoanza, na wakati ule nilijiambia ni kwa sababu jua limeipausha.

Yule mwenye sauti ya chini alifunua kurasa taratibu. Akatoa picha moja, akaigeuza, akasoma mgongo wake. Akanitazama kwa heshima, naapa, kwa heshima kabisa.

"Weye unatumika muzuri, mama," akaisifu kazi yangu.

Wakaondoka na albamu nzima. Sikupiga kelele, sikuwashika nguo. Niliketi kwenye kigoda changu nikasikiliza karatasi ikikwaruza ndani ya blauzi kila nilipovuta pumzi.

Kwa siku tatu mfululizo waliwachukua madereva. Hawakuwachukua kituoni, mbele ya watu, bali nyumbani, mlango kwa mlango. Mji mzima ulishangaa jinsi walivyozijua nyumba. Mdogo wangu alikaa sebuleni kwangu amefunga mkoba wa nguo, akingoja zamu yake, na zamu haikuja. Wiki iliyofuata alitoa sadaka ya shukrani kanisani. Niliimba naye. Sauti haikunikauka, na hilo nalo linanichukiza.

Wengi walirudi, mmoja akiwa hasikii tena kwa sikio la kushoto. Yule mtu mpole wa Ndosho hakurudi. Hakuna ofisi iliyokubali kwamba ilimwona. Waasi wenyewe waliingia mjini baadaye, wakakaa, wakatoka, na hakuna aliyekumbuka nyota za mabasi tena. Madereva waliobaki walizipaka rangi juu, kisha wakaanza kuchora tai.

Baada ya mwaka mmoja mke wa yule mtu wa Ndosho alikuja kibandani, mtoto mgongoni. Familia ilikuwa imeamua kumfanyia misa bila maiti, na walihitaji picha ya kuweka mezani. Ile ya sebuleni, waliomchukua waliondoka nayo. Alisema picha hiyo ya basi ndiyo pekee aliyopigwa mumewe tangu harusi, na ya harusi ilibaki Butembo ikaliwa na panya.

"Mama, weye haukosi ingine," aliniambia. "Weye unachungaka vitu."

"Balibeba albamu yote."

"Kwa nguvu?"

Ilikuwa rahisi kusema. Neno moja tu.

"Kwa nguvu," nikasema.

Machozi yakamjaa. "Na ya mudogo wako balibeba?"

"Balibeba."

"Basi Mungu njo alimuficha."

Akasema hivyo bila wivu wowote. Akamshusha mtoto, akanikumbatia, akanipigapiga mgongoni kama anayembembeleza mfiwa. "Pole, mama. Na weye balikuumiza. Kazi yako yote."

Misa ilisomwa meza ikiwa na shada la maua na leso iliyokunjwa, bila picha. Alinitafutia nafasi kwenye benchi la mbele, kati ya mama mkwe wake na shemeji zake, akawaambia kwamba mimi pia niliporwa siku zile. Tangu hapo kila mwaka ananitumia salamu ya kunialika. Mimi huenda. Hukaa mbele pamoja na familia, na misa ikiisha tunafuatana Ndosho, ananipakulia mimi kwanza, na mimi hula.