Maziwa niliyotiwa machoni nilipojifunza kuchomelea vyuma

Wakuu, salaam aleikum.

Miaka mingi nasoma visa vya vijana humu na kunyamaza, leo natoa changu. Nina miaka tisini na kitu na nachapa kwa kidole kimoja, kwa hivyo herufi ikiruka mnisamehe. Ni kweli tupu. Mwenye kubisha abishe, lakini waliokuwapo wote wamekwenda, nimebaki peke yangu kusimulia.

Ilikuwa miaka ya arobaini, vita vikubwa vimekwisha karibuni. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, muuzaji katika duka la vitambaa hapa Mji wa Kale. Napima yadi, nakata, nakunja. Kazi ya kivulini, mikono safi.

Sasa Makadara kulikuwa na karakana ya fundi mmoja Muhindi, tukimwita fundi Gulamu. Alikuwa na mashine ya umeme ya kuchomelea vyuma, na mimi kila nikipita nasimama. Vyuma viwili vinaingia motoni, kinatoka kimoja. Sikutaka kuwa fundi. Nilipenda tu, kama mwingine anavyopenda kufuga njiwa.

Nikamwomba anifundishe Jumapili, duka likiwa limefungwa. Akakubali, nadhani kwa kunionea huruma.

Mama hakufurahi. "Mtu ana kazi yake ya kivulini, yuwenda kujitia motoni," akasema. "Na harusi iyo mlangoni."

Harusi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemposa Salma, binti wa Kuze, mtaa wetu, na posa imekubaliwa. Ilibaki miezi miwili. Wakuu, nilimpenda Salma. Nilikuwa na wazo nimtengenezee kiguu cha chuma cha kuwekea mtungi wa maji, kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili ya kwanza ile fimbo ya kuchomelea ilinata kwenye chuma kila nikiigusisha. Navuta, haitoki. Natoka jasho mpaka shati linashika mgongo.

Fundi akaniambia, "Usisukume. Iguse kama unawasha kibiriti, kisha inua kidogo. Sikiliza. Ikilia kama bajia kwenye mafuta, uko sawa."

Shida yangu ilikuwa ile barakoa yenye kioo cheusi. Ukijifunika, huoni kitu mpaka moto uwake. Mimi ni mwoga, kufanya jambo bila kuona siwezi. Jumapili ya pili, fundi yuko nje na mteja, nikabuni ujanja wangu: naangalia kwa macho matupu, nawasha, halafu ndipo najifunika haraka. Ikanoga. Nikafanya hivyo asubuhi nzima, najiona bingwa.

Fundi aliporudi akaniona, akazima mashine.

"Umeyachoma macho," akasema. "Nenda nyumbani. Jioni utanitukana."

Nikacheka, maana sikuhisi kitu. Ilipofika alasiri nilihisi mtu amenimwagia mchanga machoni na anausugua. Machozi chururu. Mwanga wa dirisha tu ulikuwa unanichoma. Nikalala nimefunikwa kitambaa cha maji, nawaza: nimekuwa kipofu, nani atamwoza binti kwa kipofu?

Mama akatoka, akarudi na kikombe kidogo cha kunywea kahawa, kina maziwa. Dawa ya macho ya siku hizo, wenye umri wanajua, ni maziwa ya mwanamke anayenyonyesha. Akanitia matone. Yakapoza kweli. Mengine yakashuka shavuni mpaka mdomoni, mengine nikayasikia kooni, matamu. Nikameza.

Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi na jioni. Jumanne asubuhi na jioni.

Jumatano nikafumbua macho, naona. Nikashukuru Mungu, nikamuuliza mama, "Yalikuwa maziwa ya nani, nipate kumshukuru?"

"Ya Mwanaisha, dada mkubwawe Salma. Si amejifungua? Salma mwenyewe ndiye aliyekuwa akileta kikombe mpaka mlangoni."

Wakuu, nilirudi kitandani nikaketi.

Kwa asiyejua: mtoto akinyonyeshwa na mwanamke asiyemzaa, anakuwa mwanawe wa kunyonya. Dada wa mwanamke yule anakuwa mama yake mdogo, na hapo ndoa hakuna. Hilo nilisoma utotoni, chuoni kwa Maalim aliyetusomesha Kurani. Na nilikumbuka vizuri kabisa kwamba hukumu inatimia akinyonya mara tano.

Nikahesabu kwa vidole. Mara tano kamili. Nikahesabu tena nikitafuta moja ya kupunguza, sikuipata.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa Maalim saa ile ile. Chuo chake kilikuwa hapo hapo Kuze. Mimi sikwenda. Nilijiambia jibu likishatoka kinywani mwake halirudi, na maadamu sijauliza, Salma bado ni wangu. Mama naye sikumwambia, kwa sababu yeye ndiye aliyenitia maziwa yale.

Kila Alhamisi nilikuwa nikikaa barazani kwa babake Salma tukinywa kahawa. Alhamisi ile sikutokea. Nikawa nazunguka kichochoro cha pili kwenda dukani, nisipite mlango wao. Kula siwezi. Napima kitambaa nasahau nimefika yadi ya ngapi. Usingizi ukija naota namwita Salma mama mdogo mbele za watu.

Siku ya nane ami yake Salma alikuja dukani. Mtu mpole. Akangoja wateja watoke.

"Mwanangu, twasikia hutaki tena. Kama ni kweli, sema. Hatutakumeza."

Hapo ndipo pa kusema. Nikajibu, "Nipeni siku mbili, ami."

Sijawahi kutoa jibu baya kama lile. Aliniangalia, akatoka bila kuaga.

Siku ya tisa, baada ya sala ya alasiri, nikajikokota kwa Maalim. Nikamweleza yote, matone, koo, mara tano.

"Una miaka mingapi?" akaniuliza.

"Ishirini na moja."

"Na kunyonya kunakoharimisha ndoa ni kwa mtoto asiyetimiza miaka miwili. Nilikusomesha mimi. Ulishika mara tano, ukaacha miaka miwili."

Nilitaka kumbusu mikono. Lakini hakuwa amemaliza.

"Swali hili limeshaulizwa. Salma alimtuma nyanyake kwangu Jumapili ile ile, kabla kikombe cha kwanza hakijavuka ndia kuja kwenu."

Nilikimbia mpaka kwao. Babake alikuwa barazani. Nikamsimulia kila kitu nimesimama, akacheka mpaka akafuta machozi, akaingia ndani kumwambia binti yake. Alikaa sana huko. Alipotoka alikuwa hacheki.

"Yuwasema mtu asiyejua aweza kukaa naye," akaniambia. "Lakini siku tisa yeye yuwaulizwa na kila mtu ana kosa gani, nawe wapita kichochoro cha pili. Hilo hawezi. Posa yenu itarudi kesho, mwanangu. Nimesema naye, hataki."

Pale sikulia. Nililia Makadara, nyuma ya karakana, na fundi Gulamu akadhani ni macho tena.

Baadaye nilioa, nikazaa, nimeishi vizuri, silalamiki. Kuchomelea nilijifunza mpaka nikajua, na barakoa nilikuwa navaa kabla ya kuwasha. Ila ule umbali wa kutoka kwetu hadi kwa Maalim niliwahi kuupima kwa miguu. Hatua mia na kidogo. Mimi ulinichukua siku tisa.

Kwa hivyo, wakuu, kama kuna jambo linakukaa rohoni na mtu wa kumuuliza yuko hai, weka simu chini uende sasa hivi. Ukirudi tuandikie hapa alikujibu nini. Mimi nipo, nasoma polepole.