Mtu wa Nyuma ya Kigari

Mzee Munyaneza ana miguu miwili kama sisi wote, ila yake ilistaafu akiwa na miaka minne, polio ilipopita kwao Mudende na kuchukua ilichotaka. Yeye mwenyewe hakustaafu. Tangu nimjue, na tumeishi uwanja mmoja hapa Nengo tangu enzi ambazo nilikuwa sijui kujifuta kamasi, kazi yake ilikuwa kuvusha mizigo Petite Barrière, kile kivuko cha mpaka wetu na Goma, kwa kigari cha magurudumu matatu, kile chenye pedali za mikono. Viazi, unga na mafuta ya kula vinaenda Goma. Vitenge na mabidoni matupu, yale madumu ya plastiki, vinarudi. Pale mpakani mwenye kigari hachoki sana kwenye foleni, na watu wa forodha humtazama kwa jicho laini, kwa hiyo wafanyabiashara wenye miguu mizuri kabisa walikuwa wakimbembeleza awabebee mzigo.

"Mi ndiye mutu mukubwa pale," alikuwa akituambia. "Wenye miguu wote wananiamukia."

Ndiyo maana binti yake Gatesi alipokuja kumchukua ahamie Nyagatare, hakuna katika uwanja wetu aliyetegemea jambo jepesi. Gatesi ameolewa huko mashariki na Benon, mwanamume mpole mwenye ng'ombe na duka la dawa za mifugo. Wamemjengea baba chumba chenye mlango mpana na kimteremko cha sementi badala ya ngazi. Hapa Nengo nyumba yake ina ufa tangu volkano ilipotutikisa, ufa unaoweza kupitisha mkono, na vita ya jirani ikikohoa ng'ambo, sisi huku ndio tunaolala chini ya vitanda.

"Papa, huku chini kunatetemeka na juu kunaanguka vitu," Gatesi alimwambia. "Unangoja nini?"

Mzee alifuta pedali za kigari kwa kiganja. Kisha akasema, "Huku mi ni transporteur. Kule nitakuwa kilema wa kwa Benon. Asubuhi munanitoa juani, jioni munanirudisha ndani, kama mahindi ya kuanika."

"Papa."

"Nasema kweli."

Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Gatesi akakodi Fuso ije Jumamosi, akiamini kwamba gari likishapiga honi mlangoni mtu hupata akili. Mi nilikuwa naijua sababu yenyewe, kwa kuwa kile kigari kilikuwa kinalala kando ya ukuta wa chumba changu.

Sababu ilikuwa inaitwa Bahizi.

Kigari kikishajaa mzigo, mikono ya dereva peke yake haitoshi. Lazima awepo mtu wa nyuma, wa kusukuma. Bahizi, mtu wa Birere, mtaa wa Goma uliobanana na mpaka, alikuwa mtu wa nyuma wa Munyaneza tangu wote wawili wakiwa vijana. Mzigo ulikuwa unapangwa juu kupita kichwa, hivyo dereva hamwoni msukumaji wala msukumaji hamwoni dereva. Walikuwa wakitukanana siku nzima kama mke na mume, ila mke na mume angalau huangaliana. Na kwa kuwa pale mpakani kelele haziishi, walikuwa na lugha yao: Bahizi aligonga chuma cha nyuma kwa pete yake ya ndoa. Mara mbili maana yake nenda, njia nyeupe. Mara moja: shika breki, ningoje. Hayo tu. Kuna ndoa zinazoendeshwa kwa maneno mengi kuliko hayo na hazifiki popote.

Januari ya mwaka jana, siku vita ilipoingia Goma, wawili hao walikuwa ng'ambo na mzigo wa vitenge. Watu wote wa Birere waliukimbilia mpaka kwa pamoja. Munyaneza alisimulia hivi, na hakubadilisha hata neno kila aliposimulia: alisikia mikono ya Bahizi ikishika chuma cha nyuma, kisha akasukumwa msukumo ambao hajawahi kusukumwa maishani. Kigari kikapita kizuizi kama kimerushwa, kikashuka upande wetu peke yake mpaka kikasimama kwenye mtaro, mbele ya wamama wauza vitunguu.

"Bahizi," alisema bila kugeuka, "leo umekula nini?"

Akageuza shingo pole pole. Nyuma kulikuwa na vitenge, na nyuma ya vitenge watu asiowajua.

Tunavyodhani wote, Bahizi alirudi kumchukua mke wake, Mukabera. Na Mukabera, wakati huo, alikuwa ameshavuka. Alikuwa upande wetu, amekaa juu ya godoro lake katikati ya umati, anamngoja mume wake.

Hospitali walimtafuta, hayumo. Mochari, hayumo. Njia ilipofunguliwa Mukabera akarudi Birere, na tangu hapo alikuwa anakuja hapa uwanjani kila alipopata kisingizio, na swali lake lilikuwa lilelile.

"Shemeji, mara ya mwisho ulimuona wapi?"

"Sikumuona, shemeji. Alikuwa nyuma yangu."

"Bon, sawa. Akirudi ataanzia kwa hiki kigari. Hata nyumbani hatakuja kwanza, mi namujua mutu wangu. Usikihamishe."

Munyaneza akaajiri msukumaji mwingine, Cedric, mwenye nguvu za ng'ombe na mawazo ya huyohuyo ng'ombe. Haikupita muda Cedric akaacha kazi.

"Muzee anashika breki katikati ya barabara," aliniambia, akinionyesha kidevu alichojigonga kwenye magunia. "Anasema nimegonga. Mi sigongi. Mi hata pete sina, nani atanioa?"

Nikaenda kumweleza mzee kisayansi. Nilisoma umeme na mashine mpaka mwaka wa pili, kwa hiyo najua mambo nusu. Nikamwambia chuma kikipata jua kinatanuka, kikipoa kinanywea, na kikinywea kinalia. Ni kawaida tu.

Alinisikiliza kwa heshima, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na hiyo chuma yako inajua kuhesabu?"

"Namna gani, muzee?"

"Kila siku inagonga moja. Mbona haijagonga mbili hata siku moja?"

Labda hilo wanalifundisha mwaka wa tatu.

Kisha ikatokea Jumapili moja, mchana kweupe, watu wakiwa kanisani na mi nikiwa nadaiwa na Mungu. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigari uwanjani, mi nimepiga magoti mbele namrekebishia mnyororo. Kigari hakikuwa na mzigo. Nyuma yake palikuwa na ukuta, na kati ya ukuta na kigari mtoto mchanga asingepita.

Ting.

Mara moja, safi, kama mtu anayebisha kwa adabu. Kabla sijainua kichwa, mkono wa mzee ulikuwa umeshashika breki mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Nilitazama ukuta. Nilitazama jua, lilikuwa palepale lilipokuwa. Nywele za mikono yangu zilisimama, na mi si mtu wa kusimamisha nywele ovyo.

Mzee hakuniuliza kama nimesikia. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Iko anasema nimungoje. Sasa mi naenda Nyagatare namna gani?"

Jumamosi Fuso ikaja. Dereva wake, Igor, alikuwa na haraka ya mtu anayelipwa kwa safari na si kwa saa. Tukapakia kitanda, masufuria, mafungu ya nguo. Gatesi alifagia nyumba mpaka ule ufa ukabaki peke yake ukutani kama kitu walichokisahau. Vikawa vimebaki viwili: kigari, na baba yake juu yake, katikati ya uwanja, breki imeshikwa.

"Papa, achia."

"Ngoja."

"Nangoja nini?"

Igor akashika gurudumu la mbele ainue vyote kwa pamoja, mtu na mashine. Mzee akamwambia, taratibu kabisa, kwamba akiinua atamng'ata. Igor akarudi nyuma. Meno ya mzee yote yapo.

Hapo ndipo Mukabera alipoingia. Sijui nani alimwambia. Pale mpakani habari haihitaji karatasi ya kuvukia. Alikuwa amevaa kanga mbili na viatu vya mvua, na alikuja moja kwa moja akasimama mbele ya kigari.

"Shemeji. Unaenda nacho?"

"Sijasema naenda."

"Fuso imekuja kuchuma maua?"

"Shemeji," mzee alisema, "kuna kitu sikukuambia." Akamwambia, mbele yetu wote, habari ya kugonga. Kwamba kila siku anagongewa. Kwamba ni moja, daima moja, na yeye hawezi kuachia breki ya mtu aliyemwambia ashike.

Nilidhani Mukabera atalia. Badala yake uso wake ulikunjamana kwa hasira, hasira ya nyumbani kabisa, ya mke aliyesikia mume amekula chakula cha jioni kwa jirani.

"Anagonga kwako?"

"Kwangu."

"Mi nimemupikia. Nimemuzalia. Nimemutafuta mochari, nafunua watu shuka moja moja. Na anakuja kugonga kwako?"

Igor akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akajifanya anakohoa.

"Toka," Mukabera alisema.

"Shemeji..."

"Toka humo, na mi nikae."

Tulimshusha mzee juu ya mkeka. Mukabera akapanda, akashika breki alivyomwona akishika, akatazama mbele. Tukangoja wote. Kuku walipita. Injini ya Fuso ilikuwa imezimwa na tulisikia maji yakichemka ndani yake. Gatesi alikuwa ameshika mdomo wake kwa kiganja. Tulingoja mpaka ikawa aibu, na baada ya aibu tukaendelea kungoja.

Hakuna kilichogonga.

Mukabera alishuka taratibu, kama amezeeka pale pale kitini. Alisimama akiutazama mgongo wa kigari, kile chuma kilichochubuka rangi mahali pamoja tu, mahali pa pete.

"Siku ile ya mwisho," aliuliza, "kabla ya kukusukuma. Aligonga?"

"Aligonga."

"Ngapi?"

Munyaneza alitazama mkeka. "Mbili."

"Hukuniambia hiyo."

"Hukuniuliza kugonga. Uliniuliza nilimuona wapi."

"Mbili ni nini?"

"Ni nenda."

Mukabera aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na mwingine asiyeonekana. "Donc, kumbe mutu wangu alikuambia uende. Kwa mudomo wake mwenyewe, kama ile pete ni mudomo. Basi ile moja inayokuja nyuma si yako, shemeji. Ile iko ya kwangu. Imepotea nyumba."

Akatuamuru tumrudishe mzee kwenye kigari. Akazunguka nyuma. Pete yake ilinunuliwa siku moja na ya Bahizi, kwa sonara mmoja, na ilipogusa kile chuma sauti ilikuwa ileile, mpaka Munyaneza akafumba macho.

Ting, ting.

Uwanja mzima ulikuwa unatazama mkono mmoja ulioshika breki. Ulikaa. Kisha kidole kimoja kikaachia, na vingine vikafuata.

Mukabera mwenyewe ndiye aliyesukuma, akapandisha kigari juu ya mbao mpaka ndani ya Fuso, akikataa kusaidiwa. Tulifunga magurudumu kwa kamba. Mzee alikataa kukaa mbele na Igor. Akasema yeye atasafiri juu ya chombo chake. Fuso ikaondoka ikipanda kilima, yeye akiwa ametazama mbele, na hakugeuka. Gatesi alipunga mkono dirishani. Mzee hata mkono hakupunga, na hakuna aliyemlaumu. Hivyo ndivyo kazi ya dereva ilivyo.

Anapiga simu siku hizi. Anasema Nyagatare ni tambarare hata inachosha macho, kigari kinakwenda chenyewe, na asubuhi anawapelekea majirani mabidoni ya maziwa pale yanapokusanywa. Wanamwamkia. Nilimuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama kuna kelele zozote.

"Kimya," alisema. "Kimya sana."

Juzi nilimkuta Mukabera Petite Barrière, amejitwika kikapu cha karoti, yuko kwenye foleni ya kurudi kwake. Nikampa salamu za mzee, nikamwambia kwamba kule hajashika breki hata mara moja.

"Najua," alisema. "Imefika."

"Nini imefika, mama?"

"Kwangu. Mulango wa nyuma. Moja."

Nilitaka kumweleza habari ya chuma na jua. Nikakumbuka mlango wake wa nyuma ni wa mbao.

Foleni ikasogea. Waliokuwa nyuma yake wakaanza kumsukuma, naye hakuwageukia. Aliniambia kaka yake wa Bukavu alikuwa amemwita akaishi kwake, mtaa mtulivu, chumba kipo, na nauli alikuwa ameshatuma.

"Na utaenda lini?"

Alikiweka sawa kikapu kichwani, akaingia kwenye kizuizi.

"Nimemurudishia nauli," alisema.