Muhuri Juu ya Neno Falsafa

Kabla sijaanza naomba radhi kwa mwandiko wangu. Herufi zangu ni kubwa, zinaegemea upande mmoja, na penye r huenda nimeweka l. Shule niliishia darasa la nane. Naandika polepole. Mkono huu ndio uliomponza dada yangu, kwa hiyo ni vizuri muujue mapema.

Dada yangu anasomea udaktari wa falsafa. Jambo hilo nimelieleza mara nyingi katika duka la dawa za mifugo ninakouza, hapa Kitengela, mpaka nimechoka. Wateja husikia neno la kwanza tu.

"Ambia daktari wenu aje aone ndama yangu," mzee mmoja kutoka Bissil aliniambia. "Anaharisha tangu Jumatatu."

Nikamwambia dada si daktari wa ng'ombe.

"Basi ni wa watu."

"Hata wa watu siye."

Akanitazama kwa huruma. "Sasa huyo anatibu nini?"

Anachoandika dada ni juu ya enkanyit, ile heshima ambayo sisi Wamaasai hulelewa nayo: nani wa kuinamiwa, nani wa kusikilizwa kwanza, na kwa nini. Mwaka wa kwanza alijilipia kwa mshahara wa ualimu. Halafu shule ikapunguza walimu, yeye akiwa mmoja wao. Chuo kikampa mpaka mwisho wa mwezi ajisajili, la sivyo atoke.

Alitafuta kila mahali. Kanisa letu lina mfuko, lakini ni wa wanaosomea uchungaji. Shirika moja la ng'ambo lilitaka watu wa afya na kilimo. Idara yake yenyewe ina nafasi za kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na anayefundisha husamehewa karo. Lakini ni lazima awe amejisajili, na hawezi kujisajili kabla hajalipa karo. Ni kama kuambiwa ng'ombe hatafika kisimani mpaka kwanza anywe maji. Ikabaki basari moja ya kusaidia karo, yenye ofisi Kajiado.

Siku ya mwisho ya fomu alikuwa Nairobi akimsubiri msimamizi wake. Akanipigia simu.

"Wewe jaza tu. Penye kozi, andika Udaktari wa Falsafa."

"Mwandiko wangu je?"

"Hawatafuti mwandiko. Jaza."

Mstari wa kozi ulikuwa mfupi kama kidole. Maneno mawili ya kwanza yakaujaza wote, na Falsafa nikaishusha chini, kwenye nafasi nyeupe. Sikujua kwamba nafasi ile iliachwa kwa muhuri wa chifu.

Kwetu kijana humwinamia mkubwa amguse kichwa, na hamkazii macho. Mimi kwa aibu yangu huzidisha. Nilipompelekea chifu fomu akanigusa kichwa, nilibaki nimeinama, nikiangalia viatu vyake, mpaka nikasikia muhuri ukigonga meza. Akanirudishia fomu ikiwa imekunjwa. Sikuikunjua. Niliipeleka Kajiado vile vile.

Wiki mbili baadaye jina la dada likabandikwa ukutani pamoja na waliofaulu. Mama aliimba asubuhi yote akikamua. Kisha dada akapigiwa simu aende ofisini na barua ya hospitali anayofanyia mazoezi.

Tulienda pamoja. Karani alikuwa mwanamume mchangamfu mwenye sweta ya kijani. Aliifungua faili, na hapo ndipo nilipoiona fomu yangu. Muhuri wa zambarau ulikuwa umelala juu ya Falsafa yote.

"Karibu, daktari," alisema. "Watu wenu tumewaweka mbele. Hospitali zetu hazina watu. Kama barua ya hospitali hauna, leta hata ya chuo, mradi iseme udaktari. Nimalize hii kitu."

Barua ya namna hiyo dada alikuwa nayo mkobani. Nilijua iko. Angeitoa tu, na mwisho wa mwezi ungemkuta amejisajili. Niliomba moyoni aitoe.

Akaweka kidole juu ya muhuri. "Hapa chini kuna neno," alisema. "Falsafa. Mimi si daktari wa hospitali."

"Falsafa ya nini?"

"Naandika juu ya enkanyit."

Karani ni mtu wa huku huku, neno alilijua. Akacheka, akamwita mwenzake wa meza ya pili. "Kuja usikie. Huyu anataka tumlipie asomee heshima."

"Si hiyo mama yake alimfunza bure?" mwenzake akajibu bila kuinua kichwa.

"Alinifunza bure," dada akasema. "Ndiyo maana sikunyamaza."

Kicheko kikakatika. Karani alichukua rula, akapiga mstari juu ya jina lake, taratibu kabisa, kama mtu asiyetaka kuchafua karatasi. "Pole, madam. Lakini hata fomu yenyewe haina mahali pa falsafa."

Tulikaa nje kwenye ngazi na maandazi mawili. Langu nilimsukumia yeye.

"Ungenyamaza tu," nilimwambia.

"Na wewe ungeandika herufi ndogo."

Alisema kwa mzaha, lakini uliniingia. Nilikuwa na hasira na karani, na chifu ambaye hakusoma, na dada kwa ukweli wake. Zaidi nilijikasirikia mimi, niliyeangalia viatu wakati wa kuangalia karatasi. Heshima hiyo hiyo anayoiandika ndiyo iliyonifumba macho. Nilipomwambia hivyo, alitoa daftari akaandika. Hilo nalo lilinikasirisha.

Mwezi uliisha. Chuo kimemruhusu kuahirisha mwaka mmoja, na mwaka huo hautolewi mara ya pili. Sasa anafundisha watoto wa majirani hisabati, na vitabu vyake viko chini ya kitanda chetu katika boksi la dawa ya kupe. Yule mzee wa Bissil bado anamwulizia daktari.

Kama wewe unayesoma unajua mfuko wowote unaomlipia mtu wa falsafa, kabla au baada ya kujisajili, tafadhali niandikie kupitia waliochapisha maneno haya. Mwandiko wako ukiwa mbaya nitausoma tu. Na fomu ikija, safari hii nitaandika herufi ndogo, na nitaukodolea macho muhuri ukishuka.